Picha Zinazotoka Sebuleni

Kiangazi hiki, mvua ikishakatika na njia za mtaa wetu wa Katuba zikikauka, jumba letu dogo la makumbusho litafungua maonyesho ya picha zilizochorwa hapa Lubumbashi, Kongo, miaka ya 1970 na kutundikwa katika sebule za wafanyakazi. Yakimalizika yatafuata ya mafundi wa shaba na wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kisha, kabla mawingu ya Oktoba hayajarudi, ya picha za studio. Tuna vyumba viwili na baraza. Ghala hatuna, gari hatuna, na karibu kila kitu kitakachoonekana ukutani kimeazimwa kwa mtu anayeweza kuja kukiangalia kwa miguu. Nimo katika kamati ya maandalizi tangu mlango ulipofunguliwa, na nimeona niandike niliyojifunza sasa, kazi ikiwa bado mikononi, maana vijana wa mitaa ya Ruashi na Kampemba wameanza kuuliza wafanyeje nao wapate jumba lao.

Wanachouliza kwanza ni kwa nini picha za sebuleni, wakati mji huu una sanaa yenye jina kubwa zaidi. Kweli, unayo. Mwaka 1946, mji ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake hapa, na humo wakatokea Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake iliyofumana, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Kazi zao zilinunuliwa zaidi na Wazungu, na nyingi ziliondoka nao. Miaka ya 1970 ndipo waliposhamiri wachoraji wa mitaani, waliochora juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuzungusha picha nyumba kwa nyumba, kwa bei ambayo karani au mfanyakazi wa kiwandani aliimudu. Anayejulikana kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa, historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, na leo ziko Amsterdam. Tervuren, Ubelgiji, nako kuna mkusanyiko mkubwa wa picha za namna hii. Mwanafunzi wa Katuba akitaka kuona jinsi kizazi cha babu yake kilivyoitazama nchi, anahitaji viza. Zimebaki zile ambazo familia hazikuziuza wala kuzitupa, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Picha haiombwi siku ya kwanza. Ukibisha hodi na daftari mkononi, mwenye nyumba anamwona mtu wa kodi. Kwa hiyo tunakwenda na mtu anayejulikana mtaani, mara nyingi mama wa likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, kwa sababu yeye ameshaingia katika sebule zote na anajua ukuta upi una nini. Tunakaa, tunakunywa maji, tunauliza habari za wagonjwa. Picha yenyewe tunaitazama tu. Mwenyewe akianza kuisimulia bila kuulizwa, kijana wetu anaomba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Habari ya kuazima inangoja ziara nyingine, na wapo wanaokataa. Mzee mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, alituambia picha yake haitoki, kwa sababu marehemu mkewe ndiye aliyeitundika na ule msumari haujaguswa tangu hapo. Tulimwelewa. Tukamwomba atupe sauti yake tu. Katika maonyesho atasikika akisimulia mbele ya sehemu ya ukuta iliyo tupu, yenye mraba wa chaki wa vipimo vile vile vya picha yake. Wenzangu wawili katika kamati walihofia wageni watadhani tumepungukiwa na vitu. Mimi nasimama na mzee. Kukataa kwake kunaeleza thamani ya picha kuliko maelezo yoyote ambayo ningeweza kuandika.

Picha iliyonifundisha zaidi iko kwa mama mmoja hapa hapa Katuba. Ni ile ambayo kila mtu wa umri wangu anaijua, Colonie belge, yenye maandishi 1885–1959. Mfungwa amelazwa chini, askari mweusi amenyanyua kiboko, afisa Mzungu amesimama na kiko mdomoni, na juu yao inapepea bendera ya Ubelgiji. Wachoraji wengi waliirudia mandhari hiyo, kila mmoja kwa mkono wake. Katika hii, mwanamke aliyeleta chakula cha mfungwa amegeuza uso, na mchoraji amemvika kitenge chenye maua mekundu. Rangi hiyo ndiyo nzito kuliko zote, kiasi kwamba macho yanamfikia yeye kabla ya kukifikia kiboko. Tulimwuliza mama alifikiria nini siku alipoinunua. Akatikisa kichwa.

“Mutoto yangu, hii haiko yangu. Iko ya jirani.”

Jirani walikuwa watu wa Kasai. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi sana zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, jimbo letu hili, hata zile ambazo watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Watu walilala stesheni wakingoja treni, na nafasi ilikuwa ya watoto, masufuria na godoro kama bahati ipo. Picha ilipitishwa juu ya ukuta wa ua, usiku. “Balisema, mama, utatuchungia,” akatuambia. “Basi, nachunga.” Na hakuificha chumbani. Aliiweka sebuleni, mahali ambapo kila mgeni anaiona na kuuliza, naye anajibu jina la mwenyewe.

Fomu yetu ya kuazima ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina, wa mwenye mali. Mama alikataa kutia sahihi hapo. Alisema akiandika jina lake kwenye mstari huo atakuwa ameiba. Tulikaa naye jioni nzima kutafuta njia, na fomu tunayotumia leo kwa vitu vyote imetoka katika sebule yake. Ina mstari wa mwenye mali na mstari wa mtunzaji, na chini yake sentensi inayosema kwamba wa kwanza au watoto wake wakijitokeza, wanakabidhiwa kitu chao mtunzaji akiwepo. Alitaka pia jina la jirani litangulie kwenye kadi ya ukutani, lake lifuate kwa herufi ndogo. Na alitaka tutangaze redioni, ili kama wajukuu wako Mbujimayi au Kananga, habari iwafikie kupitia mtu mwenye ndugu huku. Tangazo litasomwa siku chache kabla ya ufunguzi. Mpaka sasa sijui kazi nyingine ya makumbusho iliyo kubwa kuliko hiyo, na nakala ya fomu yake tutaibandika kando ya picha, kwa ridhaa yake.

Siku ya kupokea kitu, tunakipiga picha mbele na nyuma mbele ya mwenyewe, tunaandika kila ufa, kila tundu na kila pembe iliyopinda, kisha pande zote mbili zinatia sahihi. Karatasi hiyo inalinda urafiki. Picha ikirudi na mkwaruzo, hakuna anayebishana kama ulikuwepo au haukuwepo. Upande wa nyuma usiachwe. Nyuma ya picha ya jirani bado inasomeka nusu ya herufi za kinu cha unga, na mshono wa gunia unapita sawasawa pale ambapo, kwa mbele, bendera imesimama. Mchoraji aliutumia mshono kuwa mlingoti. Nimeigeuza picha hiyo mara nyingi na bado nafurahi kila ninapouona. Tutaining’iniza mbali kidogo na ukuta, kioo kidogo kikiwa nyuma yake, ili watoto nao wauone.

Vumbi la kiangazi chetu ni jekundu na linaingia hata mlango ukifungwa. Kwa picha za gunia, kitambaa chenye maji ni adui. Maji yanapenya kwenye nyufa za rangi, pamba inavimba kisha inakauka, na rangi inabanduka vipande vipande. Tunatumia brashi laini ya kupaka poda, mpya, kutoka juu kwenda chini, na pale rangi inapokuwa imeinuka hatugusi kabisa. Ukutani tunapima ili katikati ya kila picha iwe kiasi cha mita 1.5 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Jua la moja kwa moja halitakiwi. Chumba chetu cha kwanza kinapigwa na jua la jioni, basi tumeshona mapazia mazito ya kitambaa cheupe, na picha zenye nyekundu na bluu tumezipeleka ukuta wa upande mwingine. Majumba makubwa huweka picha za rangi ya mafuta kwenye mwanga wa karibu lux 200 (lux ni kipimo cha mwanga), na karatasi na picha za kamera kwenye lux 50 tu. Programu ya bure ya kwenye simu inaweza kukupa makisio ya kutosha. Umeme nao unakatika tunavyojua sote, kwa hiyo maonyesho yatakuwa wazi mchana peke yake, na hakuna kitu tulichokitundika kinachohitaji taa ili kionekane.

Ugomvi mkubwa wa mwaka huu umekuwa juu ya picha ya Mamba muntu. Anayeijua hahitaji maelezo: mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, kiunoni kwenda chini ni samaki, saa mkononi, nyoka karibu yake. Anampa mtu utajiri na kumdai mtu wa nyumbani mwake. Miaka ya 1970 alikuwa ukutani katika nyumba nyingi za mji huu. Baadaye, makanisa ya maombi yalipoenea, watu wakahubiriwa kwamba picha hiyo inafungulia pepo mlango, na nyingi zikachomwa. Yetu imetoka chini ya kitanda, imezungushiwa shuka. Mwenye nyumba aliileta mwenyewe, kwa baiskeli, akasema anataka iishi lakini si kwake.

Baadhi ya wanakamati ni watu wa maombi, na walisema wazi hawataingia katika chumba chenye picha hiyo. Sikuwacheka wala siwacheki. Mtu aliyelala chini ya paa moja na picha akaumwa, akapoteza mtoto, ana haki ya kuiogopa. Lakini kuiacha nje kungekuwa kusema uongo juu ya sebule za miaka ile, na mimi hilo sikuweza kulikubali. Tuliongea kwa wiki kadhaa. Mwishowe mama mmoja wa kamati, aliyekuwa mpinzani mkubwa kuliko wote, akatupa njia. Picha itakaa katika chumba cha pili, kwenye ukuta usioonekana kutoka mlangoni, ili anayeingia aingie kwa hiari yake. Kwenye kadi yatakuwepo maneno ya mwenye picha na maneno yake yeye mama, ya kwa nini alichoma ya kwao. Maneno yake ni mistari michache na ni mazito. Anaeleza harufu ya rangi ilipowaka, na jinsi baba yake, aliyeinunua kwa mshahara wake wa kwanza, alivyotoka nje asione. Sasa kadi hiyo ndiyo ninayotaka zaidi watu waisome.

Kadi zetu zote ni za Kiswahili, Kifaransa kikifuata chini, na zote zinaacha nusu ya nafasi wazi, penseli ikining’inia kwa uzi. Desturi hiyo ilianza katika maonyesho tuliyofanya juu ya vitu vya kazini. Tulikuwa na taa ya kabaidi ya mgodini, ile ambayo maji yanadondokea kabaidi ya kalsiamu na kutoa gesi ya asetilini inayowaka kwa mwali mweupe. Maelezo hayo ya kitaalamu yalikuwa yetu. Mzee aliyeacha kazi wakati ule zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipolipwa waondoke, mwaka 2003 na 2004, alisoma, akachukua penseli, akaongeza jinsi baba yake alivyotambua kwa sauti ya mwali kwamba maji yanaisha. Wenzake wakaja kuongeza yao. Kabla ya kufunga, kadi ilikuwa imejaa hadi pembezoni, na baadhi walikuwa wanabishana humo humo juu ya jina la msimamizi fulani. Kadi tumeihifadhi pamoja na nakala za picha za taa. Taa yenyewe ilirudi kwa mwenyewe.

Kuhusu siku ya ufunguzi sina mengi. Wakubwa wanakaribishwa na hotuba zinafupishwa. Lililo muhimu kwetu ni siku ya kabla yake, tunapowaita waliotuazima vitu peke yao na familia zao, tunawapikia bukari, yaani ugali, na samaki, na kuwaacha wapite. Hapo ndipo mtu anaweza kusema picha yake imetundikwa vibaya, au haitaki jirani na ile iliyo pembeni, na tunahamisha usiku huo huo. Wengi wao hawajawahi kuingia katika Makumbusho ya Taifa pale mjini, ingawa yapo tangu 1946, na mlango wake umewatisha bure. Natumaini wakitoka kwetu watakwenda na huko, kwa sababu misalaba ya shaba na vyungu vya makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, ni vyao pia.

Misalaba hiyo inanipeleka kwenye maonyesho ya pili. Watu wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, kuundwa mwaka 1906. Walifanya kazi hiyo kiangazi, mavuno yakiisha, kwa tanuru za udongo wa kichuguu, makaa na mawe ya kijani ya malakiti. Msalaba wa shaba ulikuwa fedha na ulikuwa mahari, na ulipopandishwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 watu walikuwa wanaujua tayari. Mafundi tuliowaalika hawayeyushi. Wanagonga bamba la shaba. Wanalipasha moto lilainike, wanaligonga kutoka nyuma likiwa juu ya kitu laini, wanaligeuza na kuchonga mistari ya uso kwa patasi butu, kisha wanalitia weusi na kusugua sehemu zilizoinuka mpaka zing’ae. Watafanya hivyo barazani, mbele ya watu. Wachonga malakiti nao watakuwepo, kwa sharti moja ambalo wenyewe walilipendekeza. Jiwe litakatwa likiwa linamwagiwa maji, kwa maana vumbi lake la kijani lina shaba na linaharibu mapafu, na wamezika wenzao.

Maonyesho ya tatu yananikosesha usingizi, kwa furaha na kwa wasiwasi. Mji huu umewahi kuwafundisha wengine kazi ya picha za kale. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alichukua picha za wafanyakazi za zama za ukoloni akaziweka juu ya picha zake za viwanda vilivyochakaa, na tangu 2008 kundi la sanaa liitwalo Picha aliloshiriki kuliunda limekuwa likileta wasanii wa nchi nyingi hapa mjini. Sisi tutafanya jambo dogo zaidi. Tunataka picha za nyeusi na nyeupe mlizopigwa studio, mkiwa mmevaa saa ya kuazima, mbele ya pazia lenye maua au redio ya fundi picha. Za asili hatutazichukua. Karatasi hizo zinafifia kwa mwanga, kwa hiyo zitapigwa nakala hapo hapo na kurudi mfukoni mwako kabla hujamaliza chai. Zilizogandishwa kwenye albamu zisibanduliwe. Leteni albamu nzima.

Wasiwasi wangu unatoka kwa waliomo. Tumeshaonyeshwa picha ya bwana harusi na bibi harusi ambapo bwana yu hai, na mke aliye nyumbani si huyo. Tumeona askari wa jeshi ambalo familia haitaki litajwe. Tumeona marafiki watatu wameshikana mikono, na mmoja wao aliondoka kwa ile treni ya watu wa Kasai. Kamati imekubaliana kwamba kila uso ulio hai utaulizwa, au mtoto wake, na palipo na kukataa hakuna nakala itakayotundikwa, hata mwenye picha akitaka sana. Itatuchelewesha. Tumejipa kiangazi chote kwa ajili hiyo.

Nakala zinaanza kupigwa Jumamosi, barazani, tukianza na watu wa Katuba na Kenya, kisha Kamalondo. Hakuna malipo, na hakuna mtu atakayeuliza kitambulisho. Njoo asubuhi mwanga ukiwa mzuri, na kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka majina ya waliosimama kwenye picha, njoo naye. Viti vipo.